Kuzuru moli na mitaa ya maduka madogo ya Minneapolis na Saint Paul: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mgeni anayefika Minnesota, jimbo lililo kaskazini ya kati ya Marekani, huulizwa na wenyeji wake kabla hata hajapumzika kama amekwishafika Mall of America. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa jengo hilo ni miongoni mwa moli kubwa kuliko zote nchini humo. Hata hivyo, anayekwenda huko peke yake na kurudi na mifuko yake atakuwa ameona sehemu moja tu ya habari. Minneapolis na Saint Paul, miji miwili iliyokua pamoja kando ya mto Mississippi hadi vitongoji vyake vikaungana, ndipo mahali ambapo moli ya kufunikwa, ile tunayoijua leo kuanzia Nairobi hadi Dubai, ilijengwa kwa mara ya kwanza. Ni hapohapo pia ambapo wahamiaji kutoka Afrika ya Mashariki wamejenga moli yao wenyewe, kwa namna ambayo mbunifu wa ile ya kwanza aliiota asiipate. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata kila ninapompokea mgeni kutoka nyumbani, nao unahitaji siku nne, au tatu kwa mtu mwenye miguu mizuri.

Hatua ya kwanza: chagua majira, kisha uelewe usafiri

Ziara ya maduka katika miji hii hutawaliwa na hali ya hewa kuliko na fedha. Mwezi wa Januari, joto la usiku hushuka kwa wastani hadi kiasi cha nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na zipo siku linaposhuka zaidi sana. Julai, mchana hufikia nyuzi 28, na watu hukaa nje hadi jua linapozama karibu na saa tatu usiku. Aliyezoea baridi ya Njombe au ya Limuru asidhani kwamba amekwishafanya mazoezi. Kwa mtu anayetaka kutembea mitaani dukani hadi dukani, kipindi bora ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Anayelazimika kuja wakati wa theluji azitangulize moli, na mitaa aiwekee zile siku ambazo jua limetoka na upepo umetulia.

Mgeni wa majira ya baridi asinunue koti zito nyumbani, kwa sababu makoti yanayouzwa huko hayakushonwa kwa baridi ya namna hii. Afike na sweta mbili nzuri, kisha siku ya kwanza apelekwe kwenye duka la mitumba, mathalani moja ya maduka ya Goodwill au ya Arc's Value Village, ambako koti la manyoya ya bata, buti na glovu hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Wengi wetu tumekua tukivaa nguo zilizotoka kwenye maduka ya namna hii, zikafungwa marobota na kusafirishwa hadi Mombasa na Dar es Salaam. Kuziona zikiwa bado zinaning'inia kwa wenyewe, zimepangwa kwa rangi na kwa saizi, ni somo zuri la kuanzia safari.

Kuhusu usafiri, gari si lazima. Treni ya umeme ya njia ya Blue Line huanzia katikati ya Minneapolis, hupita uwanja wa ndege na kuishia Mall of America. Ile ya Green Line huunganisha katikati ya miji yote miwili. Tangu mwanzo wa mwaka 2025 nauli ya mtu mzima kwa treni na mabasi ya kawaida ni dola 2, na tiketi moja hukuruhusu kubadilisha vyombo kwa muda wa saa mbili na nusu, jambo linalomwezesha mtu kushuka mtaani, kununua alichokifuata na kuendelea na safari bila kulipa tena. Kati ya mabasi ya haraka, mawili ndiyo ya kukariri. Njia ya A hupita barabara ya Snelling kule Saint Paul hadi moli ya Rosedale, na njia ya D hupita barabara ya Chicago kule Minneapolis hadi Mall of America.

Hatua ya pili: jifunze hesabu za fedha kabla ya kununua chochote

Bei iliyoandikwa kwenye kibandiko si bei utakayoilipa, kwa kuwa nchini Marekani kodi ya mauzo huongezwa unapofika kwa keshia. Kodi ya jimbo la Minnesota ni asilimia 6.875, na miji na wilaya huongeza yake juu yake. Lakini jimbo hili lina jambo moja linalowafanya watu wa majimbo jirani waendeshe gari kwa saa kadhaa kuja kununua hapa: nguo na viatu vya kawaida havitozwi kodi hiyo kabisa. Kwa hiyo shati lililoandikwa dola 40 utalilipia dola 40 kamili, ilhali mkoba wa bei hiyohiyo ukinunuliwa Minneapolis utakugharimu zaidi ya dola 43, kwa sababu mikoba, mapambo ya shingoni na mikononi, miwani ya jua na manukato havihesabiwi kuwa nguo. Anayepanga orodha ya zawadi na aipange kwa kuijua tofauti hiyo. Ajue pia kwamba Minnesota haina utaratibu wa kumrudishia mtalii kodi pale uwanja wa ndege, kama ule uliozoeleka Ulaya.

Namba za viatu za Marekani si zile za Uingereza tulizozizoea. Kiatu cha mwanamume kwa kawaida huzidi namba moja, na cha mwanamke huzidi takriban mbili, lakini viwanda havilingani na makosa ni mengi. Njia ya kuaminika zaidi ni ile ya mama zetu: kila anayetaka kununuliwa kiatu akanyage karatasi, mguu uchorwe kwa kalamu, jina liandikwe, na karatasi hizo zikunjwe zisafiri nawe. Wauzaji wa huku hawashangai ukizitoa. Watakupimia bila maneno.

Vifaa vya umeme vinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 230 hadi 240, hivyo mashine ya kukaushia nywele, blenda au pasi iliyotengenezwa kwa soko la huku itaungua siku utakapoichomeka nyumbani, na kibadilisha plagi hakitaiokoa. Soma maandishi madogo chini ya kifaa: yakisema 100–240V, kama yalivyo kwenye chaja nyingi za simu na kompyuta, kiko salama, yakisema 120V peke yake, kirudishe kwenye rafu. Na simu uulizie kwa maneno ya wazi kama haijafungwa kwa kampuni moja ya mtandao.

Kuhusu kupatana bei, katika moli na katika maduka mengi madogo bei ni moja na haijadiliwi. Lipo soko ambako mazungumzo yanawezekana, nami nitalifikia. Mwisho, weka risiti zote pamoja, kwa kuwa makampuni makubwa huipokea bidhaa uliyoijutia ndani ya siku kadhaa, ilhali duka dogo mara nyingi hubadilisha tu bila kurudisha fedha. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya tatu: anzia Southdale, hata kama hununui kitu

Kila mtu atakushauri uanzie Mall of America. Mimi nashauri uanzie Southdale, katika kitongoji cha Edina, kusini-magharibi ya Minneapolis, kwa sababu anayeiona hii kwanza ataielewa ile nyingine.

Southdale ilifunguliwa tarehe 8 Oktoba 1956 na familia ya Dayton, wafanyabiashara wa Minneapolis ambao miaka sita baadaye, mwaka 1962, walifungua katika mji jirani wa Roseville duka la kwanza la Target, kampuni ambayo sasa ina maduka katika majimbo yote ya Marekani. Mbunifu wake alikuwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyeikimbia Austria mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa nchi. Kabla yake, vituo vingi vya maduka vya vitongojini vilitazama nje, kila duka likiuelekezea mlango wake uwanja wa magari. Gruen aliyageuza maduka yatazame ndani, akayapanga kwa ghorofa mbili kuzunguka ua mmoja uliofunikwa paa, akatia kiyoyozi na mashine za joto, ili mtu wa Minnesota atembee kwenye majira ya kuchipua hata theluji ikiwa inaanguka nje. Hesabu aliyoitumia ilikuwa rahisi, nayo ni kwamba siku ambazo hali ya hewa ya huku inafaa kwa kununua nje hazizidi 126 kwa mwaka.

Ukifika, simama katikati ya ua huo mkuu na utazame juu. Miti mirefu ya chuma cha rangi ya dhahabu unayoiona ni kazi ya mchongaji Harry Bertoia, iliyowekwa humo tangu mwanzo. Kisha, na hili ndilo jambo nisilokubali mgeni wangu aliruke, toka nje kwa mlango wowote na utazame ulikotoka. Utaona ukuta usio na madirisha na uwanja wa magari unaoizunguka moli pande zote. Gruen alikuwa ameota kitu kingine. Alitaka moli iwe moyo wa mji mpya wenye nyumba, shule, hospitali, bustani na ziwa, ambamo watu wangekutana kama walivyokutana katika mitaa ya Vienna alikokulia, wakinywa kahawa na kuulizana habari, na ununuzi ukawa sababu mojawapo tu ya kutoka nyumbani. Sehemu kubwa ya mpango huo haikujengwa. Kilichonakiliwa kote duniani ni sanduku la maduka na uwanja wa magari. Yeye mwenyewe alirudi Vienna katika miaka ya 1960, na kabla ya kufariki mwaka 1980 aliwahi kuzikana hadharani moli zilizojengwa kwa kumfuata. Miaka ya karibuni majengo ya kuishi yameanza kupandishwa kandokando ya Southdale, na palipokuwa na duka kubwa sasa pana ukumbi wa mazoezi, kana kwamba mpango wa zamani unarudi kidogo kidogo.

Saa moja na nusu inatosha. Ng'ambo ya mtaa wa 69 kuna Galleria, moli ndogo ya bei za juu, ambayo unaweza kuitembelea kwa kutazama ushonaji na upangaji wa madirisha yake hata kama mfuko haukuruhusu zaidi ya hapo.

Hatua ya nne: Mall of America kwa siku ya kazi, asubuhi

Sasa nenda Bloomington. Mall of America ilifunguliwa tarehe 11 Agosti 1992 mahali palipokuwa na uwanja wa michezo wa Metropolitan Stadium, ambako timu ya besiboli ya Twins na ya futiboli ya Kimarekani ya Vikings zilicheza hadi mwaka 1981. Ndani ya bustani ya michezo iliyo katikati ya jengo kuna kibao sakafuni kinachoonyesha pale mpigaji wa besiboli alipokuwa akisimama, na juu sana, ukutani upande wa pili, kumefungwa kiti kimoja chekundu kuonyesha mahali mpira uliopigwa na Harmon Killebrew, mchezaji wa Twins, mwaka 1967 ulipotua. Vitafute vyote viwili kwa macho, kibao na kiti. Hakuna njia bora ya kuutambua ukubwa wa mahali hapo, kwani ni umbali wa zaidi ya mita 150, na yote hayo ni bustani ya watoto tu, maduka bado.

Nenda Jumanne au Jumatano, ufike milango ya maduka inapofunguliwa. Jumamosi mchana utatumia muda wako kupishana na watu. Weka koti lako katika kabati za kukodi karibu na milango, kwa maana ndani kuna joto la kutosha. Jambo la ajabu ni kwamba kumbi za kupitia watu hazina mtambo mkuu wa kuzipasha joto, bali hupata joto lao kutokana na jua lipenyalo kwenye paa la vioo, taa za maduka na miili ya wanunuzi wenyewe. Kumbuka pia kwamba ghorofa ya kwanza kwa Wamarekani ni ile iliyo sawa na ardhi, yaani anayekwambia mkutane ghorofa ya pili anamaanisha ile ambayo sisi huiita ya kwanza. Nimewahi kumsubiri ndugu yangu kwa dakika arobaini kwa kutolijua hilo.

Jengo lina pande nne zenye majina, nazo ni North, South, East na West. Maduka yanazidi 500. Usijaribu kuyaingia yote. Zunguka ghorofa moja nzima bila kununua, mwendo wa karibu kilomita moja, ukiandika kwenye simu unachokitaka na bei yake. Pumzika kwa kikombe cha chai. Kisha rudi kwa yale matatu au manne yaliyobaki moyoni. Maduka mengi yaliyomo hupatikana katika moli yoyote ya Marekani, kwa hiyo tumia nguvu zako kwa kulinganisha nguo na viatu, ambavyo havina kodi, na usihangaike na vitu vya mapambo. Mwenye watoto ajue kwamba kuingia kwenye bustani ya michezo ni bure na hulipwa kwa kupanda tu. Na mwenye vijana wa chini ya miaka 16 ajue kwamba kuanzia alasiri hawaruhusiwi kuwa humo bila mtu mzima mwenye miaka 21 au zaidi.

Hatua ya tano: katikati ya Minneapolis, kwa muda mfupi

Nicollet Mall isikuchanganye kwa jina lake, kwani si jengo bali ni barabara, iliyofungiwa magari ya kawaida mwaka 1967 ili watu watembee na mabasi yapite. Duka kuu la Dayton's lililokuwa roho yake lilibadilishwa jina mara kadhaa hadi likafungwa mwaka 2017, na ununuzi wa hapa si ule uliokuwa. Kinachostahili safari ni madaraja ya vioo yanayounganisha majengo kwa ghorofa ya pili. La kwanza lilijengwa mwaka 1962, na sasa njia hizo zina urefu wa takriban kilomita 15. Fuata vibao vilivyoandikwa Skyway. Tembea humo siku ya kazi wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu jioni na mwishoni mwa wiki maduka yake mengi huwa yamefungwa na baadhi ya milango pia.

Hatua ya sita: mitaa ya maduka madogo upande wa Minneapolis

Maduka yenye wenyewe, yaani yale ambayo aliyechagua bidhaa ndiye aliyesimama nyuma ya meza, yana adabu yake. Ukiingia, salimia; usipite kimya kama katika moli. Ukisema unatazama tu, utaachwa utazame. Ukiuliza nani ameitengeneza bidhaa na wapi, mara nyingi utapata maelezo marefu, na jirani mwenye karakana yake atatajwa kwa jina. Mengi hufunguliwa saa nne au saa tano asubuhi na kufungwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, na siku ya kupumzika ya baadhi yao ni Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo iache kwa moli.

Anza na makutano ya mtaa wa 50 na barabara ya France, mpakani mwa Edina na Minneapolis, mwendo mfupi kutoka Southdale. Ni mtaa wa watu wenye uwezo, na nguo za huko zina bei zake, lakini umepangika kwa kutembea kwa miguu kuliko mtaa wowote mwingine ninaoupendekeza. Kutoka hapo si mbali hadi Linden Hills, ambako kuna Wild Rumpus, duka la vitabu vya watoto lenye mlango mdogo uliochongwa ndani ya mlango mkubwa ili mtoto aingie kwa wake, na ndani paka na kuku hutembea huru kati ya rafu. Karibu na hapo, mtaa wa Kenwood una Birchbark Books, duka la vitabu la mwandishi Louise Erdrich, mwenye asili ya Waojibwe, linalouza pamoja na vitabu kazi za mikono za wenyeji wa asili wa bara hili. Yeyote anayetaka zawadi yenye asili ya Minnesota, na isiyotoka kiwandani ng'ambo ya bahari, aanzie hapo.

North Loop ni mtaa wa maghala ya matofali yaliyojengwa zama ambapo Minneapolis iliwauzia wakulima wa magharibi zana zao. Sasa maghala hayo ni nyumba, migahawa na maduka. MartinPatrick3, lililo ndani ya ghala liitwalo Colonial Warehouse, lilianza kama duka la wanaume na limeenea chumba hadi chumba. Hata asiyenunua suti atajifunza jinsi ghala la zamani linavyoweza kuhifadhiwa bila kufutwa sura yake.

Hatua ya saba: Grand Avenue, Saint Paul

Panda basi la njia ya A, ushuke Snelling na Grand, penye chuo cha Macalester, ambacho Kofi Annan alihitimu mwaka 1961 akiwa kijana kutoka Ghana. Kutoka hapo tembea kuelekea mashariki chini ya miti mikubwa, ukipita nyumba za zamani ambazo ghorofa ya chini ni duka na ya juu ni makazi. Ukichoka, basi namba 63 hupita barabara hiyohiyo. Usikose Red Balloon, duka la vitabu vya watoto lililoanzishwa mwaka 1984, na Cooks of Crocus Hill kwa vyombo vya jikoni. Miaka michache iliyopita makampuni makubwa kadhaa yaliyokuwa yamekodi sehemu bora za barabara hii yalifunga na kuondoka, ilhali maduka kadhaa ya wenyeji yenye miongo mingi yamebaki. Ndiyo sababu nashauri fedha ya zawadi iachwe kwenye barabara hii kuliko Bloomington, hata kama itazidi kidogo.

Aliye na nusu siku ya ziada upande huo wa Saint Paul aende Hmongtown Marketplace, barabara ya Como, iliyofunguliwa mwaka 2004 palipokuwa na uwanja wa kuuzia mbao. Ni soko la Wahmong, watu waliotoka milima ya Laosi baada ya vita, na wakati wa kiangazi mboga zake, nyingine tunazozijua kabisa kama majani ya maboga na mabamia, hupangwa nje kwa mafungu kama kwetu.

Hatua ya nane: barabara ya Lake na moli ya Karmel

Siku hii usiifupishe. Panda basi la njia ya D hadi makutano ya Chicago na Lake. Jengo refu lenye mnara hapo lilikuwa la kampuni ya Sears tangu mwaka 1928. Lilifungwa mwaka 1994, likakaa tupu kwa zaidi ya miaka kumi, kisha mwaka 2006 ghorofa yake ya chini ikafunguliwa upya kwa jina la Midtown Global Market, yenye vibanda vya wafanyabiashara wadogo kutoka nchi nyingi. Kula hapo mchana. Ukitoka, utaona kwamba barabara hii ina majengo mapya yaliyosimama kando ya viwanja vitupu. Mei 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mtaani kilomita moja unusu kutoka hapo, maduka mengi ya Lake yaliteketea kwa moto, na wenye maduka waliofungua tena walifanya hivyo kwa jasho lao. Kununua kitu hapa kuna uzito wake.

Kisha elekea magharibi hadi barabara ya Pillsbury, kwenye Karmel, moli ya Wasomali. Usitarajie mlango wa vioo wala chemchemi ya maji. Ndani kuna korido nyembamba zenye vijiduka vingi vilivyobanana: vitambaa vya dirac, gauni refu jepesi la wanawake wa Kisomali, vinavyoning'inia hadi darini, hijabu za kila rangi, udi na uvumba, dhahabu, mazulia, mafundi cherehani, wapaka hina, vinyozi, maduka ya kutuma fedha, wauza sambusa na chai ya viungo, na msikiti juu. Wafanyabiashara wengi wa humo walipita Kenya kabla ya kufika huku, ama kambini Dadaab na Kakuma ama Eastleigh, Nairobi. Jaribu kumwambia mama mwenye duka "habari za asubuhi" na utazame uso wake. Mara nyingi jibu litarudi kwa Kiswahili safi, likifuatwa na swali la unatoka wapi na unamjua nani, na kiti kitavutwa.

Utaratibu wa kununua humo ndio ule tuliolelewa nao. Usiulize bei ukiwa umesimama mlangoni. Ingia, salimia, keti. Kwa vitambaa, dhahabu na mazulia bei huzungumzwa, hasa ukichukua zaidi ya kimoja, lakini usitaje bei ambayo huna nia ya kuilipa. Kama unataka gauni lishonwe, nenda siku ya kwanza ya ziara yako ili upate kupimwa, na urudi kulichukua siku ya mwisho. Usipige picha za watu bila ruhusa. Ijumaa mchana maduka hufungwa kwa swala na pa kuegesha gari hapapatikani, kwa hiyo nenda alasiri au siku nyingine. Jioni ndipo panapochangamka. Na kwa ziara nzima, si hapa tu, mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi awe na hati zake za uhamiaji mwilini, kwa kuwa sheria ya Marekani inamtaka awe nazo.

Ukishapata chai yako, keti kwenye kiti cha plastiki na utazame kwa nusu saa. Mzee anasoma habari za nyumbani kwenye simu na kumsimulia mwenzake. Mtoto aliyetoka shule anafanya hesabu chini ya meza ya mamake. Mtu ameshuka kutoka kuswali, amekatwa nywele, ametuma fedha Garissa na hajanunua kitu. Kile alichokichora Gruen kwa Edina, mahali pa kukutana palipokingwa na theluji ambapo kununua ni sababu mojawapo tu ya kuja, kimejengwa hapa na watu waliokulia kwenye baraza na masoko. Ndiyo maana nawapeleka wageni Southdale kwanza na Karmel mwisho.

Hatua ya tisa: kufunga mizigo

Usiku wa mwisho tenga risiti katika bahasha moja kwa ajili ya maofisa wa forodha utakakoshuka, na upime masanduku nyumbani kwa mwenyeji wako, kwani ndege nyingi za kwenda Afrika ya Mashariki huruhusu kilo 23 kwa sanduku. Zawadi moja isisahaulike, nayo ni mchele wa porini wa Minnesota, mbegu nyeusi ndefu ya jani la majini ambayo Waojibwe wameivuna maziwani kwa mitumbwi tangu kale na kuiita manoomin. Soma kifuko kabla ya kununua: uliovunwa kwa mkono ziwani huwa umeandikwa hivyo na bei yake ni kubwa, ilhali ule wa bei rahisi umelimwa mashambani na huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Asali na vimiminika vingine viende kwenye sanduku la chini ya ndege. Kama ndege yako ni ya usiku na ulisahau kiatu cha mtu, bado kuna njia. Acha masanduku kwa mwenyeji, panda Blue Line hadi Mall of America na ile karatasi iliyochorwa mguu, na ukimaliza rudi kwa treni hiyohiyo hadi kituo cha Terminal 1, mwendo usiofika robo saa, ambako mwenyeji atakungoja na mizigo.